Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Anga Yetu: Mwanga Ukionekana Usiku, Tumwambie Nani?

Kwa Waziri wa Ulinzi,
Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA),
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA),
Mkurugenzi wa Idara ya Hali ya Hewa,
na Kikosi cha Walinzi wa Pwani.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, Kaunti ya Kilifi. Nawaandikia kuhusu mianga isiyojulikana ambayo watu wa kwetu huiona angani usiku. Ombi langu ni moja: pawe na mahali panapojulikana pa kupeleka taarifa ya mwanga kama huo, pawe na watu wa kuichunguza, na aliyeileta apate jibu. Yanayofuata ni sababu za ombi hilo, pamoja na namna ninavyoona linaweza kuanza kutekelezwa bila kungojea bajeti kubwa.

Naanza na Mukuku, kwa sababu pale mlifanya kazi inayostahili shukrani. Tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Maafisa wa KSA walifika wakishirikiana na vyombo vingine vya serikali, eneo likalindwa, chuma kikachukuliwa, na baada ya siku mbili nchi nzima ikasoma taarifa kwamba uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Mtu wa Mukuku aliyekuwa na hofu ya bomu alijua kwamba si bomu. Hakuna aliyeambiwa amekunywa. Hakuna aliyeambiwa arudi nyumbani akalale.

Lakini Mukuku ilikuwa mchana, na chuma kilibaki chini kikionekana na kushikika. Kama pete ile ingeshuka saa nane za usiku ikaangukia ndani ya Tsavo, au msitu wa Boni, au baharini huko nje ya Ngomeni, ushahidi pekee ungekuwa mstari wa mwanga uliopita angani, na shahidi pekee angekuwa mlinzi wa duka, mvuvi, au mama aliyetoka nje na mtoto. Je, mtu huyo angempigia nani? Nimewauliza wazazi, wavuvi, hata mzee wa kijiji. Hakuna aliyekuwa na jawabu.

Mzazi mmoja hapa kwetu alijaribu. Alikwenda kituo kimoja cha polisi kueleza mwanga mwekundu aliouona juu ya bahari, ukining'inia kisha ukishuka polepole. Swali la kwanza aliloulizwa ni kama alikuwa amelewa. Jina lake halikuandikwa, wala saa, wala upande. Alirudi nyumbani na aibu, na tangu siku hiyo akiona kitu hasemi.

Naomba tukae kidogo juu ya mwanga huo mwekundu, maana katika yote nitakayoyasema leo hili ndilo linaloninyima usingizi. Fataki ya dharura ya meli, ile ya mwavuli, imetengenezwa kwa kanuni za kimataifa za usalama wa baharini: hupanda hadi mita 300 au zaidi, hufunguka, na huwaka kwa rangi nyekundu kwa muda usiopungua sekunde 40 huku ikishuka taratibu. Mtu aliye ufukweni, asiyewahi kuiona, ataieleza vile vile alivyoeleza yule mzazi. Sijui kama usiku ule kulikuwa na watu waliokuwa wakiomba kuokolewa. Hakuna anayeweza kujua, kwa sababu hakuna aliyeandika. Kituo cha kuratibu uokoaji wa baharini tunacho Mombasa, kikihudumia hata majirani zetu. Walinzi wa Pwani tunao. Kilichokosekana ni uzi wa kuunganisha macho ya mzazi yule na ofisi hizo. Kila taarifa ya mwanga mwekundu juu ya bahari inastahili kuchukuliwa kuwa wito wa msaada mpaka ithibitike vingine.

Kwa kukosa pa kusemea, watu husemea simuni. Sauti za WhatsApp huzunguka usiku kucha: mara ni wachawi, mara ni majini, mara ni vita vimeanza, mara ni ndege za kijasusi. Asubuhi darasani wanafunzi wangu wanauliza, na baadhi yao hawajalala. Siwalaumu. Wala sitaki mtu yeyote asome barua hii akidhani nawadharau wazee wetu wanaosema kimondo ni mshale anaotupiwa shetani. Watu wa Pwani ni watu wa anga. Manahodha wa majahazi waliongoza vyombo kwa nyota, na wakulima walilitazama kundi la nyota la Kilimia ili wajue majira ya kulima. Mzee aliyeiona Zuhura ikichomoza maisha yake yote akikuambia "hii ya jana sikuijua", huyo ameshakupa habari ya maana.

Walakini ni kweli pia kwamba macho hudanganyika, na sehemu kubwa ya mianga hii ina maelezo ya kawaida. Zuhura ikiwa chini karibu na upeo wa macho huwaka na kucheza, mara nyekundu mara kijani, na kwa mtu aliye ndani ya matatu huonekana kumfuata. Ndege inayokuja moja kwa moja kuelekea uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, au wa Malindi ikiwa imewasha taa za kutua huonekana imesimama angani dakika kadhaa. Karabai za wavuvi wa dagaa, usiku usio na mwezi, huonekana kuelea juu ya maji. Hoteli za ufukweni hurusha taa za karatasi siku za harusi. Na kuna droni, ambazo tangu kanuni za 2020 zinatakiwa kusajiliwa na KCAA, ingawa kwa macho ya usiku droni iliyosajiliwa na isiyosajiliwa hazina tofauti.

Kubwa zaidi siku hizi ni setilaiti. Tangu Mei 2019, kampuni ya SpaceX ilipopeleka setilaiti 60 za kwanza za Starlink kwa mkupuo mmoja, watu dunia nzima wameanza kuona kitu ambacho babu zetu hawakukiona: safu ya nuru ndogo ndogo zilizonyooka, zikifuatana bila mlio, zikitokea upande mmoja wa anga na kuzimika ghafla kabla ya kufika upande wa pili. Huzimika kwa sababu zimeingia katika kivuli cha dunia. Sisi huku chini tumeshaingia gizani, lakini kule juu, kilomita mia kadhaa, jua bado linazimulika. Ndiyo maana kwetu huonekana zaidi kati ya magharibi na saa mbili usiku, au kabla ya alfajiri. Maelezo haya ni ya dakika tano. Njia ya kila kundi jipya hujulikana mapema. Ofisi yenu ikitangaza redioni, "kesho saa moja na robo jioni mtaona safu ya nuru ikitoka kaskazini-magharibi", hofu ya usiku ule itakuwa imekwisha kabla haijaanza, na watoto watatoka nje kuangalia.

Ukishaondoa hizo zote, bado kuna mianga inayobaki, na hapo ndipo uchunguzi unapoanza kuwa na thamani. Shahidi aliyefundishwa kidogo tu anakuwa chombo cha kupimia. Akinyoosha mkono wake wote na kukunja ngumi, upana wa ngumi ile angani ni takriban nyuzi 10. Mwanga uliokuwa ngumi tatu juu ya mnazi una kipimo, na mnazi upo pale pale kesho mtu akienda kupima. Akihesabu muda, ametupa jambo jingine kubwa: kimondo cha kawaida hupita kwa sekunde chache, wakati chuma cha roketi kinachorudi duniani huingia kwa mwendo mdogo zaidi na huweza kuonekana kwa dakika nzima au kupita, kikimeguka vipande vinavyofuatana. Na akisikia mngurumo baadaye, asilimulie mngurumo tu, ahesabu pengo. Sauti hutumia takriban sekunde tatu kwa kila kilomita moja. Pengo la dakika moja na nusu ni umbali wa kilomita 30 hivi. Mashahidi wawili, mmoja Malindi na mwingine Voi, wakitoa pande zao kwa uaminifu, mistari miwili inakutana kwenye ramani na tunajua kitu kilikuwa juu ya wapi.

Haya yameshafanyika Afrika, tena jirani. Agosti 14, 1992, alasiri, mawe yalinyesha juu ya mji wa Mbale, Uganda. Kipande kidogo cha gramu chache kilipita kwenye majani ya migomba kikampiga mvulana kichwani bila kumuumiza. Watafiti kutoka Uholanzi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere walizunguka wakiwauliza wenyeji waliona nini, wamesimama wapi, jiwe liliangukia wapi, na wakaweka kwenye ramani sehemu 48 zilikoanguka. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu tukio lile imetokana na midomo ya watu wa Mbale.

Sudan ni mfano ninaoupenda zaidi, na kila mwaka huwasimulia wanafunzi wangu. Oktoba 6, 2008, darubini ya Arizona iliona jiwe la angani la upana wa mita nne hivi likija. Saa zisizozidi 20 baadaye, alfajiri ya Oktoba 7, liliwaka na kupasuka juu ya jangwa la Nubia. Rubani wa ndege ya KLM, aliyekuwa ameonywa, aliona mmweko kutoka umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Kilichofuata hakikufanywa na setilaiti. Dakta Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mwenzake Peter Jenniskens walikwenda kuwahoji watu wa Wadi Halfa na wa kituo kidogo cha reli jangwani, kisha Desemba hiyo wanafunzi na wafanyakazi wa chuo wakapangwa mstari mmoja mrefu, wakatembea mchangani wakitazama chini. Wakapata. Baada ya safari kadhaa vilikusanywa takriban vipande 600. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia jiwe kuonekana likiwa bado angani na kisha kushikwa mkononi. Wanafunzi wa Khartoum ndio waliofanya hivyo, kwa miguu.

Tanzania nao wana Ivuna. Jiwe lililoanguka huko Desemba 16, 1938, lilikuwa na uzito wa chini ya kilo moja, lakini ni la aina adimu mno, na Wajapani walipoleta udongo wa sayari ndogo Ryugu mwaka 2020 kwa chombo cha Hayabusa2, mawe ya jamii ya Ivuna ndiyo waliyolinganisha nayo. Huwa najiuliza ni mangapi ya namna hiyo yameangukia Tana River au Kitui usiku, yakaonekana na watu watano, na habari ikaishia palepale.

Upo pia mfano wa namna mambo yanavyoharibika. Septemba 14, 1994, jioni, watu wengi kusini mwa Afrika waliona moto mrefu ukipita angani kimya. Leo inajulikana kuwa ilikuwa sehemu ya roketi ya Kirusi aina ya Zenit iliyokuwa ikirudi duniani. Jibu lilipatikana kwa sababu roketi zina kumbukumbu za njia zao. Lakini siku mbili baadaye, Septemba 16, watoto wapatao 62 wa Shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao wa michezo. Zaidi ya miaka 30 imepita, watoto wale ni watu wazima, na ubishi haujaisha, kwa sababu kilichobaki ni maneno na michoro, na mahojiano yaliyofanywa na watu waliokuwa tayari na msimamo wao. Sidai kujua walichokiona. Ninachodai ni kwamba watoto wale walistahili, ndani ya siku ile ile, mtu mtulivu wa serikali au wa chuo kikuu, mwenye daftari, wa kumsikiliza kila mmoja peke yake bila kumtia maneno mdomoni. Kama mwalimu, nawaza siku hiyo ikitokea shuleni kwangu, nitamwita nani.

Kwa kuwa KSA iko chini ya Wizara ya Ulinzi, naomba Waziri atazame yaliyowapata Wamarekani. Jeshi lao la anga lilikuwa na mradi wa Blue Book, wa kuchunguza taarifa za namna hii, kuanzia 1952 hadi 1969. Tangu 1947 hadi mradi ulipofungwa lilipokea taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Kwa hesabu hiyo, kazi ilifanyika. Imani ya wananchi ndiyo iliyopotea. Machi 1966 watu wengi wa Michigan waliona mianga, na mshauri wa jeshi, mwanaastronomia J. Allen Hynek, akasimama mbele ya waandishi wa habari akasema huenda baadhi yake ilikuwa gesi ya kinamasi. Watu walijiona wamefanywa wajinga. Mbunge wao, Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa rais, alidai Bunge liwahoji wanajeshi. Huenda gesi ilikuwa na sehemu yake kweli, lakini jibu lilitolewa kabla mashahidi hawajaona kwamba wamesikilizwa. Septemba 2023, jopo la wataalamu 16 walioteuliwa na NASA, likiongozwa na David Spergel, lilikuwa bado linasema kwamba aibu wanayotiwa mashahidi inazuia taarifa, na kwamba takwimu zilizopo ni hafifu. Zaidi ya nusu karne, na jeraha lile lile.

Wafaransa walichagua njia nyingine, na ndiyo ninayoiomba. Mwaka 1977 shirika lao la anga za juu, CNES, lilianzisha ofisi ndogo mjini Toulouse, ambayo leo inaitwa GEIPAN. Ni ya kiraia. Askari wa vijijini wanaifahamu, na mwananchi akija na habari ya mwanga, wanaandika maelezo na kuyatuma. Kuna fomu ya maswali. Kuna makubaliano na jeshi la anga, usafiri wa ndege na idara ya hali ya hewa ili kila tukio lilinganishwe na kumbukumbu za rada, safari za ndege na mawingu ya usiku huo. Mwisho tukio hupewa daraja: A limeeleweka, B limeeleweka kwa kiasi kikubwa, C taarifa hazikutosha, D limebaki bila maelezo hata baada ya uchunguzi. Tangu 2007 majalada yao yako wazi kwa yeyote kuyasoma, majina ya mashahidi yakiwa yameondolewa. Yale ya D ni karibu 3 tu katika kila 100. Lakini mimi macho yangu huenda kwenye C, ambayo ni takriban theluthi moja ya yote. Theluthi nzima imepotea kwa sababu mtu hakuandika saa, au alichelewa kusema, au hakuulizwa upande. Hiyo ni Ufaransa, wenye ofisi tangu 1977. Kwetu, ambako hatuandiki kabisa, karibu kila kitu ni C.

Ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na la kusema Novemba 5, 1990, maelfu ya Wafaransa walipoona mwanzoni mwa usiku kundi la taa likivuka nchi yao polepole. Wengi waliapa wameona chombo kimoja kikubwa mno chenye madirisha. Ilikuwa hatua ya roketi ya Proton ya Wasovieti ikiungua. Mashahidi hawakuwa waongo. Ubongo wa binadamu ukiona nuru kadhaa zinakwenda pamoja gizani huzichorea mwili. Mchunguzi anayelijua hilo huuliza vizuri zaidi, na hukosoa bila kudhalilisha.

Wala "hatujui" si aibu. Katika bonde la Hessdalen, Norwei, mianga ilianza kuonekana kwa wingi mwishoni mwa 1981. Watafiti walipiga kambi kwenye theluji mwaka 1984 na vyombo vyao, na tangu 1998 kuna kituo chenye kamera kinachotazama bonde lile chenyewe. Mianga mingi ilikuja kujulikana kuwa ni ndege na taa za magari. Michache haijaelezwa mpaka leo, na wanasayansi wanalisema hilo waziwazi huku wakiendelea kupima.

Kuna na upande wa sheria na fedha, ambao nadhani wakuu wetu watauelewa haraka. Mkataba wa Dhima wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo angani inawajibika kikamilifu kwa madhara kitakayoleta ardhini. Setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, ilipoangukia kaskazini mwa Kanada Januari 1978, Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za kwake na mwaka 1981 ikakubali kulipwa milioni 3. Ilidai kwa sababu iliweza kuthibitisha. Madai yenyewe yana muda wa mwaka mmoja. Chuma kikiharibu nyumba ya mtu Kitui usiku, na hatuna saa wala mwelekeo wa mwanga ulioonekana kabla yake, tutamdai nani? Isitoshe, matangi ya roketi huweza kubaki na mafuta yenye sumu kali. Watoto wanaokimbilia kuokota chuma asubuhi wanapaswa kuonywa usiku ule ule.

Mtasema vifaa hatuna. Tunavyo vingi kuliko tunavyofikiri. Nairobi kuna kituo cha IS32 cha mtandao wa kimataifa unaosimamia marufuku ya majaribio ya nyuklia, chenye vipokezi vya mawimbi ya sauti nzito isiyosikika kwa sikio. Vituo vya mtandao huo ndivyo vilivyousikia mlipuko wa kimondo cha Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013, uliovunja vioo na kujeruhi watu wapatao 1,500. Kilimambogo kuna kituo cha mitetemeko cha mtandao huo huo. KCAA ina rada na kumbukumbu za kila ndege. Idara ya Hali ya Hewa inajua mawingu na radi za kila usiku. Na hapa kwetu, Ngomeni, kuna jukwaa la San Marco ambalo Waitaliano walilitumia kurushia roketi kati ya 1967 na 1988. Desemba 12, 1970 iliruka pale Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miali ya eksirei angani. Wapo wazee wa Ngomeni walioona moto ule ukipanda kutoka baharini. Nchi iliyoanza hivyo, na ambayo Aprili 2023 ilipeleka angani setilaiti yake, Taifa-1, haiwezi kushindwa na daftari la kuandikia taarifa.

Basi daftari hilo naliomba liwe hivi. Namba moja fupi ya simu, ya bure, inayofanya kazi usiku, na fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, inayoweza kujazwa hata kwa sauti, kwa sababu mvuvi wa Kipini hataandika ripoti ya Kiingereza. Machifu, vituo vya polisi na vikundi vya usimamizi wa fukwe wapewe fomu hiyo pamoja na maelekezo ya nusu siku: usicheke, usihukumu, andika saa, upande, ngumi ngapi, muda gani, sauti au hakuna. Mwanga mwekundu wa baharini upelekwe kwa waokoaji kabla ya fomu kukamilika. KSA ipokee yote, iombe kumbukumbu za KCAA, Hali ya Hewa na Chuo Kikuu cha Nairobi, na imjibu shahidi ndani ya muda uliotangazwa. Kila robo mwaka majibu yachapishwe bila majina ya watu, pamoja na yale yaliyokosa majibu. Jambo likigusa siri za ulinzi, semeni kwamba linagusa ulinzi na hamtaeleza zaidi. Hilo nalo ni jibu, na tutaliheshimu kuliko kimya. Zungumzeni na wenzenu wa Tanzania, kwa sababu mwanga ulio juu ya Vanga huonekana Tanga na Pemba, na mstari wa pili wa kwenye ramani huenda uko kwao.

Na kamera. Mtandao wa kimataifa wa wapenzi wa vimondo tayari unatumia kamera za bei nafuu zilizounganishwa na kompyuta ndogo kama kiganja, zaidi ya elfu moja duniani, nyingi zikiwa juu ya paa za nyumba za watu wa kawaida. Shule zina mapaa. Zikiwekwa chache tu, kwa mfano Lamu, Garsen, Malindi, Voi, Kwale na Makueni, anga yote ya sehemu hii itakuwa na mashahidi wasiosinzia wala wasioogopa kuulizwa kama wamelewa.

Kwa upande wetu, klabu ya sayansi ya shule imekwisha kuandaa rasimu ya fomu hiyo kwa Kiswahili na kuijaribisha kwa wazazi. Paa letu la maabara linaelekea baharini, umeme upo, na mwalimu mkuu amekubali kamera iwekwe. Tunaomba afisa mmoja kutoka ofisi yoyote kati ya zilizotajwa hapo juu aje aione fomu, atuambie ina upungufu gani, na atueleze tuanze kuzipeleka wapi taarifa ambazo wazazi wameshaanza kutuletea.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa fizikia, Kaunti ya Kilifi